Majeruhi wa Kila Mwaka

Jirani yangu Nyaruai huchoma mahindi mpakani mwa kaunti mbili, barabara ya Kitale kwenda Bungoma. Kila mwaka kamati ya dharura ilipofanya zoezi la kuigiza ajali ya kumwagika kwa kemikali, yeye ndiye aliyejilaza kama majeruhi, miguu imepakwa rangi nyekundu, na ambulensi za pande zote mbili zikigombania kumbeba mbele ya kamera.

Halafu lori la asidi likapinduka kweli, asidi ikamchoma miguu. Kila upande ukasema ajali ni ya wenzao. Hakuna ambulensi iliyotoka. Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, akilia njia nzima.

Juzi mwenyekiti wa kamati alimletea soda.

“Mama, si utusaidie tena na zoezi,” alisema bila haya, akiyatazama makovu yake. “Mwaka huu hata rangi hatutahitaji.”