Kocha Gogo agoma kuacha somo la kugongwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza bado limeukalia mji wa Kivisalmi, na Rauno Hietaketo ameshaanza kugombana na vijana wake katikati ya uwanja wa barafu.

"Bega ukutani! Eetu, hapo umesimama unasubiri basi?"

Eetu Ojanaho, mwenye miaka kumi na minne, anajibana haraka kwenye ukuta wa mbao unaozunguka uwanja. Mwenzake anakuja kwa kasi na kumvaa. Kishindo kinasikika hadi kwenye kibanda cha kahawa. Eetu anabaki wima, anacheka.

Hilo ndilo somo linaloweza kumfukuzisha Rauno kazi leo jioni.

Rauno, 52, alicheza hoki ya barafu ligi kuu kwa misimu kumi na mmoja, winga wa kulia mwenye mwili wa kabati. Mashabiki walimwita Gogo. Mabao yake yalikuwa ya kuokoteza, lakini watu aliowalaza chini hawana idadi.

"Nililipwa kugonga watu, na niligonga vizuri," anasema akimega andazi la iliki. "Asije mtu hapa kunidai machozi."

Kinachomuuma ni kingine. Akiwa na miaka kumi na sita alisimama hatua moja mbali na ukuta, akagongwa kwa nyuma, bega likasagika kwenye mbao. Mpaka leo mkono wa kulia haupandi kuvuka sikio, na shati anavalishwa na mkewe, Tuula.

"Hakuna aliyewahi kuniambia pa kusimama," anasema. "Hilo linaniuma kuliko bega lenyewe."

Klabu humlipa euro 800 kwa mwezi. Zinazopungua anazitafuta kwa kuendesha gari la kuondoa theluji barabarani. Wiki iliyopita kamati ya wazazi ilimpa karatasi: asaini kwamba ataacha mazoezi ya kugongana, la sivyo leo jioni ipigwe kura ya kumwondoa. Aliyeanzisha malalamiko ni Päivi, mama yake Eetu, muuguzi, baada ya mwanawe kurudi nyumbani na bega lililovilia damu.

Asubuhi hii Päivi amekuja na viatu vyake vya kuteleza kwenye barafu. Rauno ndiye aliyemwita, kwa ubishi tu.

"Unawafundisha watoto wetu kupigana, Rauno."

"Nawafundisha kugongwa. Kugonga watajifunza wenyewe, wala hawahitaji kocha." Anajibana ukutani. "Haya, nivae. Nivae kama vile nimekula soseji yako kwenye sauna."

Päivi, aliyecheza hoki ujanani, hasubiri kubembelezwa. Anakuja mbio na kumkita bega la kifua. Ukuta mzima unatikisika. Rauno yuko wima, na vijana wanamshangilia mama huyo kwa kugonga magongo kwenye barafu.

Kisha Rauno anasogea hatua moja kutoka ukutani na kumpa mgongo.

"Rudia. Kwa nguvu zilezile."

Päivi anaondoka kwa kasi, halafu ghafla anafunga breki, barafu inaruka kama unga. Anaitazama ile nafasi iliyo kati ya kocha na mbao.

"Hapo sikugongi," anasema taratibu. "Nitakuua."

"Wewe umeona, ukasimama. Atakayemjia Eetu hatasimama. Mimi nikinyamaza, nani atamwambia?"

Baadaye, kwenye kibanda cha kahawa, Päivi anamsogelea na nakala ya ile karatasi mkononi.

"Jioni nitapiga kura ubaki, lakini tunaokutaka tuko wachache. Saini tu, bwana, halafu uwafundishe kimyakimya."

Rauno anairudisha karatasi bila kuisoma.

"Mimi nilivunjika kwa sababu watu wazima walikaa kimya. Sisaini."

Wakimfukuza, mpango anao. Nyuma ya nyumba yake ziwa limeganda vya kutosha, na mbao za kujengea ukuta ameshazilundika ufukweni. Kesho atakwangua theluji na kuanza kupigilia misumari, na kila kijana anayetaka anakaribishwa.

"Uwanja ni wao," anasema akiivuta kofia ya sufu hadi masikioni. "Ziwa halina kamati."