Kichwa cha Gramafoni ya Shangazi Tatu

Sisi tuliokulia Iringa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, tulijua kwamba muziki una uzito, kwa sababu tuliubeba. Gramafoni ya Shangazi Tatu ilikuwa sanduku jeusi lenye vishikizo vya shaba, na kila ilipotolewa chumbani kwenda uani, mmoja alibeba sanduku, wa pili alibeba santuri, na wa tatu alitangulia kufukuza kuku. Vijana wa siku hizi wanatembea na redio ndogo begani, wimbo unawafuata kama mbwa wa jirani, na hawajui hata umeanzia wapi. Nasema vijana wa siku hizi ingawa mimi mwenyewe sijafika thelathini. Nilianza kuzeeka mapema.

Mtakumbuka baridi ya mwezi wa sita. Mafuta ya nazi yaliyotoka pwani yaliganda ndani ya chupa, tukawa tunasubiri Bibi ayaweke karibu na sigiri ndipo tupakwe, halafu tukimbie shuleni miguu mitupu tukiwa tunang'aa na kutetemeka. Bibi, mama yake baba, alikuwa Mhehe wa Kilolo aliyeolewa na mfanyabiashara wa pwani. Alituamsha kwa Kihehe, akatugombeza kwa Kiswahili, akamwomba Mungu kwa Kiarabu. Ndugu zake walipoteremka na matenga ya mafyulisi, wenzangu waliyala mabichi wakalala wakijishika matumbo. Mimi niliyaosha moja moja, nikayafuta kwa kitambaa, nikayapanga kwa ukubwa. Kwenye mchezo wa rede nilisimamisha mchezo ili mstari uchorwe upya, maana ulikuwa umepinda. Nilikuwa mtoto wa kuudhi, na nashangaa sikupigwa zaidi ya nilivyopigwa.

Ugonjwa huo wa kutaka kila kitu kinyooke ndio ulionifanya fundi wa gramafoni. Hakuna aliyenifundisha. Shangazi alinikuta nimeifungua, springi imetoka nje kama utumbo wa mbuzi, mikono yangu imejaa grisi, nami nalia kwa hofu. Akakaa mlangoni, akaniambia nisinyanyuke mpaka niirudishe. Niliirudisha jioni, na bado ilikuwa inazunguka. Tangu hapo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata Baba ambaye ndiye mwenye nyumba.

Sasa, Shangazi Tatu alikuwa dada yake Baba, na aliwahi kuolewa Dodoma. Ndoa ilipovunjika alirudi kwetu na sanduku la nguo, gramafoni, na ulimi wake, vyote vikiwa vizima. Alikaa miaka kadhaa akishona mapazia ya watu na kusemwa na mtaa mzima. Ndipo akatokea Bwana Yusufu wa Mbeya, mfanyabiashara wa ngozi, mpole, mwenye masikio makubwa, akamtaka. Yeye alimtaka, dada zake hawakumtaka. Dada mkubwa, Bi Salima, alituma salamu kwamba ndugu yao angeweza kupata msichana, kwa nini achukue mtalaka mwenye ulimi? Shangazi alicheka aliposikia, lakini niliona anashona mstari mmoja, anaufumua, anaushona tena. Akaniambia kwamba wale wanawake wakija harusini wakapata cha kucheka, atachekwa Mbeya mpaka afe, na mume mpole hatamsaidia kitu.

Mtu aliyetaka kucheka harusi ya zama zetu alianzia kwenye gramafoni. Na kwetu, shughuli ya wanawake uani ilikuwa ya wanawake kweli. Mwanamume hakukanyaga, hata awe ameshika dawa. Kwa hiyo kila ua ulihitaji mwanamke au msichana wa kupiga hendeli, kubadili sindano na kugeuza santuri. Siku zote Shangazi alifanya hivyo mwenyewe kwenye harusi za wenzake. Kwa harusi yake mwenyewe alinitaja mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nikakosa usingizi.

Kisa, kichwa cha gramafoni kilikuwa kimeharibika. Msiokumbuka, kichwa ni lile duara la chuma kwenye ncha ya mkono, linaloshika sindano. Ndani yake kuna kiwambo chembamba cha ulanga kinachong'aa kama kioo, nacho ndicho kinachotoa sauti. Chetu kilipasuka, mwimbaji akawa anaimba kama mwenye mafua. Baba aliagiza Mbeya kwa muuza vitu vilivyotumika, naye muuzaji akatuma viwili ili tuchague. Tutakachokataa kirudi na lori litakaloleta watu wa harusi.

Kimoja kilikuwa kikubwa kama kopo la samli, kizito, cha gramafoni ya aina nyingine kabisa. Kingine kilikuwa kidogo, chepesi, na mdomo wake uliuvaa mkono wa gramafoni yetu kama pete kwenye kidole. Baba alitaka kikubwa. Kwake gramafoni nzuri ilikuwa ile inayosikika Ipogolo, nako Ipogolo kuko chini kabisa ya mteremko wa mji, ambako hata adhana yetu haikufika. Nilimweleza kwamba kichwa kizito kinaila santuri, kinachimba mifereji yake mpaka ibaki vumbi. Akasema santuri ni ya kuliwa, si ya kuwekwa msikitini.

Shangazi akasema aamue fundi.

Fundi akaamua kufanya majaribio. Nikamfunga mbuzi mbali. Nikawatoa watoto wote nje, nikafunga mlango wa ua. Nilikataa hata sindano za chuma, nikaweka mwiba mkavu kutoka nyika ya Idodi, kwa sababu nilikuwa nimegundua mwenyewe kwamba mwiba unatoa sauti laini usiyoisikia kwenye chuma. Nikamwomba Bibi asikohoe.

"Nimezika mume na watoto wawili kutoka nyumba hii," Bibi akasema, "na sijawahi kuombwa nisikohoe."

Hata hivyo hakukohoa. Nikapiga ile santuri ya Shangazi, wimbo wa taarabu wa mwanamke wa pwani, ule aliokuwa akiupenda kuliko zote, na ambao alinunuliwa na mume wa kwanza wakati bado anampenda. Kwa kichwa kikubwa, mama yule alipiga kelele kama anaita teksi. Kwa kichwa kidogo na mwiba, nilimsikia anavuta pumzi kabla ya kila ubeti. Nilisikia kidole cha mpiga udi kinateleza kwenye uzi. Machozi yalinitoka. Nikakifunga kile kikubwa kwenye kitambaa, nikakiweka rafuni kisubiri lori.

Baba alikuwa anasikiliza kutoka barazani. Aliuliza kama nimeshaanza.

Siku ya siku lori la Mbeya lilifika limejaa tope hadi madirishani, na wanawake wakateremka wakiwa wamekasirika tangu njiani, Chimala. Bi Salima alikuwa mrefu, mwenye mtandio wa hariri na macho ya kukagua. Alipita mlangoni akigusa ukuta kwa kidole na kukitazama kidole. Baada ya sala ya alasiri ua ulijaa. Walikuwepo majirani, jamaa za Kilolo, wanawake Walutheri wa mtaa wa pili waliokuja kwa ajili ya pilau na hawakuficha, wote wamejibana kwenye majamvi, wanaongea kwa pamoja. Watoto wanalia. Sufuria zinagongwa jikoni. Mbuzi tulishamla.

Nikapiga hendeli, nikaweka mwiba mpya, nikashusha mkono taratibu. Nikasubiri.

Hakuna kilichotokea. Maana yake, kilitokea: mimi niliyeinamia sanduku nilimsikia yule mama anavuta pumzi yake vizuri kabisa. Mwanamke aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu aliniuliza nitaanza saa ngapi. Katika majaribio yangu yote nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa kwamba kwenye harusi kuna watu.

Bi Salima akasogea, akainama, akaweka sikio karibu na sanduku kama daktari. Kisha akasimama wima, na kwa sauti ambayo haikuhitaji kichwa chochote akawaambia wenzake, "Jamani, kumbe Iringa hata gramafoni inaona baridi."

Watu wa Mbeya walicheka mpaka wakashikana mabega. Waliposikia hivyo wa kwetu nao wakacheka, hilo ndilo lililoniuma. Mmoja akataka iletwe sigiri tuiote pamoja nayo. Mwingine akavua kanga akaifunika. Najua kwa nini walifanya hivyo, ningekuwa mgeni hata mimi ningefanya, lakini nilitamani niingie ndani ya lile sanduku nifunge vishikizo.

Nikakimbilia chumbani kwa bibi harusi. Shangazi alikuwa amekaa kitandani, mikono na miguu imepakwa hina mbichi na kufungwa vitambaa, hawezi kugusa kitu, hawezi hata kujikuna. Alikuwa amesikia kila neno kupitia dirishani. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Kile kikubwa kiko wapi?" akaniuliza.

"Kipo rafuni. Lakini kitaila, Shangazi. Kitaimaliza leo leo."

"Rehema, ile santuri nilinunuliwa na nani?"

Jina lile halikutajwa nyumbani kwetu.

"Basi," akasema. "Iache iliwe. Mimi ndiye nakwenda Mbeya na hawa, wewe huendi."

Mdomo wa kichwa kikubwa ulikuwa mpana kuliko mkono wa gramafoni yetu, ukawa unacheza. Nikapita mlango wa nyuma hadi kwenye baiskeli ya Baba, nikafungua valvu, nikachomoa kale kampira kake, upepo ukatoka kwa huzuni. Nikakakata, nikakavisha kwenye mkono, nikasukuma kichwa mpaka kikakaza. Ilikuwa kazi mbaya. Kilikaa upande. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikitazama kitu kilichopinda nikakiacha. Nikachukua sindano ya chuma, ile nene kuliko zote, nikashusha.

Sijui kama ilisikika Ipogolo. Ninachojua ni kwamba mtoto mmoja alidondosha kitumbua, na Bi Salima aliyekuwa katikati ya sentensi hakuimaliza. Wanawake wakainuka. Jamvi lote likainuka. Walutheri waliinuka wa kwanza. Kila ile santuri ilipofika mwisho walidai irudiwe, nami nilibadili sindano na kurudia, na kila niliporudia niliona vumbi jeusi linajikusanya kwenye ncha, laini kama wanja. Nilikuwa napuliza vumbi na kulia na kupiga hendeli. Nadhani walidhani nalia kwa sababu shangazi yangu anaondoka.

Jua lilipoanza kushuka, udi ulikuwa umeshaondoka kwenye ule wimbo. Kisha fidla zikaondoka. Kisha mama mwenyewe akazama, ikabaki sauti kama ya mvua kwenye bati. Nikainua mkono wa gramafoni, nikajua sasa kicheko kinarudi.

Badala yake wimbo uliendelea. Walikuwa wameshaushika. Na aliyeushika kuliko wote, na beti zote bila kukosea, ni Bi Salima. Mtandio wa hariri ulikuwa kiunoni, jasho linamtiririka, amefumba macho. Ulipofika ule ubeti wa mwanamke aliyeachwa aliwageukia watu wa Mbeya akawaimbia usoni, polepole, kama anawaonya. Sikujua mpaka miaka mingi baadaye kwamba na yeye aliwahi kurudishwa kwao. Alipomaliza alikwenda moja kwa moja hadi kwenye dirisha la bibi harusi, akaligonga.

"Wifi," akasema, "hina ikikauka njoo utuimbie wewe, mimi nimechoka."

Hakumwita mtalaka tena, si siku ile wala Mbeya. Baba ndiye aliyepata hasara. Alirudi kutoka msikitini akaikuta baiskeli yake haina upepo, akaambiwa kwamba harusi ilikuwa nzuri sana na asiulize.

Mwaka huu nilialikwa harusi Mbeya, ya binti wa jirani yao kina Shangazi. Siku hizi hakuna msichana wa kupiga hendeli. Kijana mmoja mwenye suruali ya kubana aliweka mashine ya betri barabarani, upande wa wanaume, akapitisha waya dirishani, akaning'iniza spika uani kwetu, akaondoka kwenda kunywa soda. Kichwa cha mashine yake ni chepesi kama ukucha, kinaelea juu ya santuri bila kuichubua. Nimekiona, nilikwenda kukichungulia kwa kisingizio cha kutafuta viatu. Uani nilikaa kati ya Shangazi na Bi Salima, ambao sasa wamenenepa na wanagombania mto mmoja wa kuegemea. Sauti ilikuwa kubwa na ilikuwa safi, vyote viwili kwa pamoja. Kila pumzi ilisikika hadi mlangoni. Wanawake walikula, wakaongea, wakarekebisha kanga zao, wakatazama spika. Hakuna aliyeimba, maana hakukuwa na pa kuingilia.

Nilisikiliza santuri nzima, mbele na nyuma, nikitafuta kosa. Sikuliona. Nikasogeza sahani ya pilau pembeni, sijala hata nusu.