Shosho Anaomba Visa ya Mwanafunzi

Nina miaka sitini na mbili, na mwaka jana niliambiwa nichague: niende Ulaya kama mstaafu au niende kama mwanafunzi. Aliyeniambia ni wakala wa visa, kijana mwenye suti ya kubana, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu katikati ya jiji, juu ya duka la sufuria. Lifti ilikuwa imekufa. Nilifika nikihema, akanivutia kiti.

"Mum, tuko na njia mbili. Kuna ya retirement, na kuna ya student."

Nilitaka ya kwanza. Nimefundisha kemia miaka thelathini na miwili, nimestaafu kihalali, na nchi alikoolewa binti yangu inawapokea wastaafu mradi waonyeshe pensheni ya kuwatosha. Kijana akasoma karatasi ya pensheni yangu, akaigeuza kutafuta kama upande wa pili una zaidi, akakohoa.

"Hii, Mum, embassy watacheka. Twende na student."

Ningemzaba kofi, lakini nilikuwa na shida yangu. Binti yangu ni mmoja tu, na mwanawe wa miaka minne sijawahi kumgusa. Mimi bibi yake, anayeniita shosho, kwake ni uso kwenye simu. Kila Jumapili ananibusu kwenye kioo, nami huku Uthiru nabusu kioo changu kilichopasuka, jirani akinichungulia dirishani. Nilitaka kumpakata kabla hajawa mkubwa wa kukataa kupakatwa. Hilo tu.

Basi nikawa mwanafunzi. Nilijiandikisha kozi ya mwaka mmoja ya lugha ya huko. Nikadaiwa cheti cha sekondari, nikakichomoa chini ya godoro kikinuka dawa ya nondo. Nikadaiwa insha ya kueleza kazi nitakayofanya baada ya masomo. Nikaandika kwamba nitakuwa mkalimani wa mikutano mikubwa. Kwa magoti haya! Lakini wakala alinikazia jambo moja: mwanafunzi ni mtu wa kurudi kwao.

"Waonyeshe uko na roots, Mum. Wakijua unaenda kukaa, hiyo visa imeenda."

Nikamwambia asijali. Nyumba ninayo, kuku ninao, na kanisani nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kwa miaka tisa. Wenzangu hao waliposikia habari ya safari, walikuja kwangu kuniombea na kuniaga, maana kwetu mtu huagwa hata kabla visa haijatoka. Kungoja itoke ni kukosa imani. Walikula chapati zangu, wakanipa leso mbili na sanduku la magurudumu, wakalia. Kisha, kikombe cha pili cha chai kikiendelea, wakamchagua mwenyekiti mpya. Sebuleni kwangu! Kwa chai yangu! Nami nikapiga makofi kama mjinga.

Jumapili iliyofuata, katibu wa kanisa alinikabidhi barua, kwa kuwa muumini wetu hasafiri mbali bila barua ya kanisa. Ilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri. Niliiweka juu kabisa ya faili bila kuifungua. Maisha yangu yote nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu, lakini mbele ya muhuri wa kanisa mimi hunywea.

Siku ya mahojiano, mama mmoja nyuma ya dirisha la kioo aliniuliza kama nikimaliza kozi nitarudi Kenya.

"Nitarudi," nikasema. "Nina nyumba, nina kuku, na mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani."

Akafungua bahasha. Akasoma bila haraka, kisha akaibandika karatasi kwenye kioo ili nami nisome. Kanisa lilikuwa limenisifu sana: mcha Mungu, mchapakazi, mpole. Mpole! Na chini kabisa: tumemuaga dada yetu anayehamia kwa bintiye moja kwa moja, nafasi yake ya uenyekiti imeshajazwa, tunaomba mumpokee kwa upendo.

Nimewanasa wanafunzi wengi wakiwa na mwakenya, vile vikaratasi vya kuibia mtihani, wamevificha kwenye soksi na chini ya kofia. Sijapata kumwona mmoja aliyempelekea msimamizi mwakenya wake ndani ya bahasha yenye muhuri. Visa nikanyimwa.

Jumapili simu ikalia. Binti yangu alikuwa amemwambia mtoto kwamba shosho naye anaanza shule, kwa sababu mtoto mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa ameanza.

"Shosho, nimekuwekea kiti," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Unakuja kesho?"

Nikamwambia shosho ameanguka mtihani. Alifikiri, paji la uso likijaza kioo kizima.

"Basi mimi sipandi darasa," akasema. "Mpaka ukuje."

Nililia mbele yake, sikuona haya. Niliumia kuliko siku niliyonyimwa visa.

Jumatatu asubuhi nilizipanda tena ngazi zile. Lifti ilikuwa bado imekufa. Barua ya kanisa niliiacha nyumbani, chini ya godoro pamoja na cheti.

"Pole, Mum," wakala akasema. "Sasa tujaribu ile ya retirement? Daughter anaweza kuandika atakusaidia."

"Student," nikamwambia, nikavuta kiti mwenyewe. "Kuna mtu ananingoja darasani."