Mawe ya Juu ya Bati

Juzi, pale Machochwe, niliona mama mmoja akipandisha mawe juu ya bati la duka lake kabla ya mvua, nikacheka peke yangu barabarani.

Mama yangu naye alijiandaa hivyo kwa upepo wa masika, kwenye kibanda chake cha chakula Genkuru, enzi zile kila mtu alipokuwa akitafuta dhahabu. Alichagua mawe mazito, akayagonga moja moja, akayapanga juu. Wachimbaji waliokuwa wakila ugali na dagaa wakaacha kutafuna. Genkuru mtu hakugonga jiwe bure.

Mama alipokwenda kisimani, wakaja na ngazi.

"Shikamooni," nikawaamkia.

"Marahaba, Bhoke. Hebu tushikie ngazi."

Nikashika, wakayashusha mawe yote wakaondoka nayo. Nilidhani wanakwenda kumwoshea mama mawe yake, maana kijijini kwetu hata mawe yalioshwa.

Jioni ikanuka vumbi lililolowa, upepo ukavuma, mabati yakaenda kutua kwenye mihogo ya jirani.

Asubuhi wale wachimbaji walirudi wamenuna, weupe kwa unga wa mawe.

"Mama Bhoke, tumesaga usiku kucha. Mawe yako hayana kitu!"

Mama alikuwa akikoroga uji, jua likimpiga utosini.

"Yalikuwa na paa langu," akasema.