Shetani Aliyepiga Goti

Mwaka ule wa vita, katekista wetu wa Mikelenge alinichagua mimi, msichana, niwe Shetani katika mchezo wa Ayubu. Na nilikuwa nimekwisha kuchumbiwa jamani! Mbuzi wa mahari walikuwa wamefika kwa baba. Mama mkwe, aliyetoka Kampene kwa miguu akikimbia risasi, aliposikia aliwaka. "Muke wa mutoto yangu atavaa mukia? Akivaa, warudishe mbuzi zetu." Mchumba wangu alinibembeleza niache. Nilimpenda yule kijana mpaka chakula hakishuki, lakini nilikuwa nimeshasema ndiyo, na mimi kichwa ngumu.

Nilimwendea katekista nikilia. Akacheka! "Mukia gani? Pembe gani? Vile ni vya wachoraji wa Ulaya, vilikuja nyuma sana." Akanieleza kwamba kwa Wayahudi wa zamani, shetani lilikuwa jina la kazi: mshitaki. Anaingia kwa Mungu pamoja na malaika wengine, anachongea watu, na hamgusi mtu bila ruhusa. Hata nyoka wa Edeni, mwanzoni alikuwa nyoka tu. Baadaye wafalme wa kigeni wakawatesa Wayahudi, nao wakaanza kujiuliza kama mabaya yote haya yanatoka kweli kwa Mungu wao mwema. Ndipo yule mshitaki akatengwa, polepole, akawa adui. Wakristo wakampa jeshi na moto, na yule nyoka wakasema ni yeye. Nilielewa upesi. Sisi wenyewe, kila bunduki iliposikika ng'ambo ya mto, tulitafuta wa kumbebesha lawama.

Basi nikapanda jukwaani na koti la baba, kravati shingoni, na valisi ya safari mkononi, maana Shetani wa Ayubu anatoka kuzunguka dunia. Ukumbi wa parokia ulijaa, majirani zetu Waislamu nao wamo, wote wana hamu ya kucheka. Mama mkwe alikaa benchi la mbele, midomo ameibana. Katekista, ambaye ndiye alikuwa Mungu, akauliza kama ilivyoandikwa: "Unatoka wapi?"

Swali lile! Ndilo tuliloulizwa na askari kwenye kila bariere ya barabarani. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Na karatasi yako iko wapi?" mtu akapiga kelele. Nikageuka nimjibu, macho yangu yakakutana na ya mama mkwe, na adabu niliyofundishwa tangu utoto ikanishinda. Nikapiga goti, nikainamisha kichwa. "Jambo, mama." Shetani mzima, na valisi yake!

Watu walishika mbavu. Mimi nikabaki pale chini, najua ndoa yangu imekwenda na maji. Mama mkwe akasimama, akaniangalia. Mabega yakaanza kumtikisika, akapangusa machozi kwa ncha ya kitenge. "Shetani wa heshima kama huyu nitamupata wapi tena?" akasema. "Mbuzi wabaki."

Sasa amezeeka, haoni vizuri, anaishi kwangu. Nikimpelekea chai asubuhi huniuliza, "Unatoka wapi?" Nami humjibu, "Natoka kuzunguka dunia, mama," tunacheka wote wawili. Ninampenda mno mama huyu. Juzi mchungaji mmoja kijana wa kanisa la maombi alipiga hodi, akasema ameonyeshwa kwamba nyumba hii ina shetani, na ametumwa kumfukuza.

Mama mkwe akanishika mkono, akanivuta karibu.

"Hapana, baba," akamwambia. "Huyu wetu tulimutolea mbuzi."