Treni ya abiria iliyoacha kusimama kijijini kwetu, na mzigo wa mama uliotangulia

Wakuu, heshima kwenu.

Nimesoma ule uzi wa ruzuku ya treni za abiria. Wengi mnasema serikali iache kulipia mabehewa matupu. Nimeshindwa kunyamaza.

Haya niliyaona mwenyewe mchana kweupe. Anayetaka kuyaita chai, yaani uongo wa kutunga, na ayaite, ila amalize kusoma kwanza.

Mimi nauza vipuri hapa Mwanza, Nyamagana. Mama yangu aliishi kijijini, kusini huko Usukumani, nyumba inatazamana na kituo kidogo cha reli. Jina la kituo naliacha.

Mama alikuwa na kisukari na kidonda mguuni. Kila kliniki alikuja Mwanza kwa treni, amejinyoosha kwenye siti, mguu juu. Barabara ya kule ni mbuga, udongo mweusi. Mvua ikinyesha hata trekta linasali.

Sasa kuna utaratibu wa pale lazima muuelewe. Treni ilisimama kidogo tu, kwa hiyo mzigo wako unatangulia kupitia dirishani. Aliye ndani anaupokea, anauweka kwenye siti, na siti hiyo ni yako. Na mzigo ukishapanda, huruhusiwi kughairi safari. Ni mwiko kabisa.

Basi treni ya abiria ikaacha kusimama. Tukaambiwa abiria ni wachache, kituo kinaleta hasara. Zikabaki za mizigo, zinapita bila hata kupunguza mwendo.

Masika iliyopita jirani wa mama, mama Kulwa, akanipigia simu. Mguu umebadilika rangi, njoo umchukue.

Nikakodi gari. Likanasa kwenye tope karibu na kijiji. Nikamwacha dereva anatafuta ng'ombe wa kulivuta, nikamalizia kwa miguu.

Nyumbani sikumkuta mama. Palikuwa kimya, hata kuku hawakulia.

Nikatazama kituoni. Kijiji kizima kilikuwa kimejipanga kando ya reli, akina mama na mabeseni yao ya viazi na karanga. Ilikuwa siku ya treni, kwa ratiba ya zamani.

Mara wote wakageuza shingo pamoja, taratibu, kama wanafuata kitu kinachopunguza mwendo. Reli ilikuwa tupu wakuu! Wakainua mabeseni usawa wa madirisha. Wakawa wanacheka na watu nisiowaona.

Niliogopa, siwafichi.

Mama alikuwa katikati yao, amesimama kwa mguu uleule. Akainua kifurushi chake cha kitenge, akakiachia.

Sikukiona kikianguka. Nilitafuta kwenye kokoto, nikatafuta kwenye nyasi. Hakikuwepo.

"Mayu, gari lipo. Twende hospitali," nikamwambia.

Aliniangalia kwa huruma, utadhani mgonjwa ni mimi.

"Baba, mzigo wangu umeshatangulia. Nitapandaje gari?"

Gari lilipokwamuliwa tulikuwa tumesharudi nyumbani, nikambembeleza mpaka nikalia mbele yake. Nikataka kumbeba kwa nguvu. Mama Kulwa, yuleyule aliyeniita, akaja na wenzake wakasimama mlangoni. Hawakunitukana wala kunigusa.

"Mwache. Anasubiri treni," akasema.

Tulimzika kabla mvua hazijakatika.

Pole za pale hazikuwa kama nilizozoea. Mmoja mmoja walinishika mkono na kuniambia, "Siti ameshaiwahi." Niliwachukia. Bado nawachukia kidogo.

Nilichojifunza ni hiki. Huduma mnaweza kuiondoa kwa tangazo moja, lakini watu waliopanga maisha yao juu yake hamuwaondoi. Wanabaki palepale na mizigo yao, na hicho kinachowajia sasa sitaki kukijua.

Sijawahi kusikia mtu akiuliza daraja la Busisi limeingiza faida gani, na ni sawa, lipo ili watu wavuke. Treni tu ndiyo tunaipigia hesabu kama genge la nyanya. Mimi nasema serikali ilipie, hata behewa likija na bibi mmoja mwenye kidonda.

Karibuni mchangie, hata mnaopinga, sitagombana na mtu. Ila ukiandika hapa kwamba abiria walikuwa wachache, ujue mmoja wao alikuwa mama yangu.