Maneno ya Wafiwa

Watu hudhani tovuti huanza na rangi na picha. Mimi huanza na maneno. Kabla sijagusa kitu, nachunguza watu wanaandika nini mtandaoni wanapotafuta bidhaa ile, maana mfanyabiashara husema lake na mteja huandika lake. Kazi hii naijua, na najivuna nayo kupita kiasi. Mke wangu alishaniambia.

Mwaka ule mteja wangu alikuwa fundi seremala wa hapa Nzuguni, mtengeneza majeneza. Siku tatu nilikaa sebuleni na kompyuta nikijifanya mfiwa. Unaandika neno moja, na mtandao unakumalizia sentensi kwa yale ambayo wengine wameshaandika. "Jeneza bei gani." "Jeneza la haraka Dodoma." "Jeneza la mama." Hilo la mama nililisoma mara mbili. Nani anaieleza mashine kwamba ni la mama? Nikaliingiza kwenye orodha hata hivyo. Kazi ni kazi.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Mama mkwe, kule Kondoa, alikuwa ametukataza kununua hata soksi ya mtoto kabla hajazaliwa. Nilicheka, lakini sikununua. Na orodha yangu nikawa namficha mke wangu. Akipita, nageuza kompyuta.

Siku ya tatu asubuhi nilifika kwenye majeneza madogo. Niliandika "mtoto". Mstari wa kwanza uliojitokeza ulisema: "mtoto hachezi tumboni." Kando yake palikuwa na alama ndogo ya saa, maana yake akaunti yangu ilishawahi kutafuta jambo hilo. Nikadhani ni mimi mwenyewe, katika kule kujifanya kwangu. Hili haliuzi jeneza, nikasema, nikalipita.

Mchana upepo ulileta vumbi, nikafunga madirisha. Nyumba ikawa kimya. Nikaandika "mtoto" tena. Safari hii mistari ilikuwa miwili, na wa juu haukuwapo asubuhi: "mtoto akifia tumboni mama anajuaje." Nao ulikuwa na alama ileile ya saa.

Kompyuta ilikuwa mbele yangu tangu asubuhi, na mimi sikuwa nimeandika vile. Naona aibu kusema, lakini niligeuka kutazama kama kuna mtu nyuma yangu. Nikafuta, nikaandika upya. Mistari ilikuwa palepale, na juu yake umeongezeka mwingine: "mtoto hachezi tangu juzi." Kuna mtu alikuwa anauliza sasa hivi, kwa jina langu.

Ndipo nilipokumbuka simu yangu ya zamani. Nilimpa mke wangu bila kuondoa akaunti yangu.

Nilimkuta chumbani amelala ubavu, simu karibu na uso, machozi yanamtiririka na hayafuti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia juzi kwamba katulia sana. Ukasema niache uchuro."

Ni kweli nilisema. Nilisema bila kuinua macho, vidole vyangu vikiandika jeneza.

Hospitalini muuguzi aliweka kipimo juu ya tumbo, akasikiliza, akakisogeza, akasikiliza tena. Akakisogeza mara ya tatu. Sijawahi kuogopa ukimya kama ule. Kisha akasema mapigo yapo ila ni dhaifu, akatoka mbio kumwita daktari. Mke wangu alifanyiwa upasuaji saa ileile.

Waliponiruhusu kuingia, alikuwa bado hawezi kuinua kichwa. Wauguzi walishamwambia kwamba ni wa kike na ni mzima. Hakuwaamini.

"Umemwona wewe?"

"Nimemwona."

"Anacheza?"

"Anarusha miguu."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akafumba macho, akanishika mkono, akataka nirudie.